Nani Aandikwe Ukooni

Zamani, katika nyanda za juu za Uskoti, mtu hakujitambulisha kwa kusema "Mimi ni John MacLeod" akaishia hapo. Kijiji kizima kingeweza kuwa na akina John MacLeod tisa. Alijitaja kwa Kigaeli karibu kama mtu wa mwambao wetu anavyojitaja: Iain mac Dhòmhnaill 'ic Alasdair, yaani Iain bin Donald bin Alasdair, na akipewa nafasi alipanda hadi kizazi cha tano au cha sita. Kazi hiyo ya kujitaja ina neno lake, sloinneadh. Na neno clann, ambalo Waingereza walilichukua wakalifanya jina la ukoo mzima na chifu wake, kwa Kigaeli maana yake ni watoto tu.

Majina yalijirudia kwa sababu yalirithiwa kwa utaratibu. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza mara nyingi alichukua jina la bibi mzaa mama. Ndugu wanne wakioa na kuzaa, ukoo unapata wajukuu wanne wenye jina lilelile la babu yao, tena wa rika moja. Kwa kitukuu anayechimbua nasaba yake leo akiwa Toronto au Auckland, utaratibu huo unaudhi na kusaidia kwa wakati mmoja: humpoteza kati ya akina Donald, kisha humnong'oneza kwamba babu wa mtu fulani huenda naye aliitwa Donald.

Jina la ukoo lenyewe si la kutegemewa sana. Wengi walichukua jina la chifu kwa sababu walilima ardhi yake au walitaka ulinzi wake, wala hawakuwa damu yake. Wengine walinyang'anywa la kwao. Mwaka 1603 Mfalme James VI alipiga marufuku jina la MacGregor, na aliyeng'ang'ania kuitwa hivyo alihatarisha maisha yake. Wakageuka kuwa akina Murray, Drummond, Campbell, Grant. Marufuku hiyo haikufutwa kabisa hadi 1774, na kufikia hapo vizazi kadhaa vilikuwa vimezaliwa ndani ya majina ya kuazima. Kwa hiyo mwenye duka la Edinburgh anayekuuzia skafu ya miraba "ya ukoo wako" kwa kusikia jina lako tu, anakuuzia skafu. Hakuna ubaya, huko baridi ni kali.

Kilichoziunganisha familia hizi kwenye makaratasi, kwa maoni yangu, ni majina ya wanawake. Uskoti mwanamke aliyeolewa hakupotea ndani ya jina la mumewe. Hati ziliendelea kumtaja kwa jina la kwao, na hata kaburini mara nyingi aliandikwa hivyo. Serikali ilipoanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa lazima, Januari 1855, cheti cha kifo kilitaja baba wa marehemu na mama yake pia, pamoja na jina la ubinti la mama huyo. Vyeti vya mwaka ule wa kwanza viliuliza mambo mengi hata makarani wakalemewa, na maswali yakapunguzwa mwaka uliofuata. Watafiti wa nasaba hushangilia wakigundua kwamba jamaa yao alifariki mwaka 1855. Furaha ya ajabu, lakini ukishaitafuta nasaba utaielewa.

Watu wa Waipu wanaonyesha ukoo unavyoweza kushikana hata ukitawanyika. Mwaka 1817 mhubiri mkali aitwaye Norman McLeod, mzaliwa wa Assynt, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, alivuka Atlantiki hadi Pictou, Nova Scotia. Mwaka 1820 yeye na wafuasi wake walihamia St Ann's, kwenye kisiwa cha Cape Breton, wakakaa miaka thelathini. Ugonjwa wa viazi ukaleta njaa miaka ya 1840. Barua ya mwanawe kutoka Australia ikasifia nchi ile, na mwaka 1851 mzee huyo wa miaka sabini na moja akapanda meli iitwayo Margaret. Katika miaka iliyofuata, zaidi ya watu 800 walihama kwa meli sita. Australia haikuwafaa, wakasonga hadi Nyuzilandi na kujenga makao Waipu, wakizungumza Kigaeli chao.

Hawakuondoka mmojammoja. Walihama na bibi, shangazi, mashemeji na watoto wachanga, yaani walihama pamoja na wale wanaokumbuka nani kazaliwa na nani. Waliobaki Cape Breton walijua nani ameondoka. Michezo yao ya jadi ya Mwaka Mpya ilianza 1871, na jumba la makumbusho la Waipu linatunza kumbukumbu za nasaba za familia hizo. Mtu wa Waipu akikutana na wa Cape Breton, wanaweza kutafutana katika orodha hadi wafike kwa bibi mmoja.

Lakini Waskoti walikwenda Jamaika pia, na huko nako walizaa. Campbell ni jina la kawaida mno Jamaika. Wapo waliolipata kwa baba, wapo waliolipata kwa aliyewamiliki, na wapo ambao hao wawili walikuwa mtu mmoja.

James Wedderburn alifika huko baada ya baba yake kunyongwa mwaka 1746 kwa uasi dhidi ya mfalme. Alitajirika kwa kazi ya watumwa, kisha akarudi Uskoti na kuishi Inveresk, karibu na Edinburgh. Nyuma aliacha watoto. Mmoja, Robert, alizaliwa na Rosanna, mtumwa ambaye James alimuuza akiwa mjamzito, kwa sharti kwamba mtoto azaliwe huru. Robert alilelewa Kingston na bibi yake, akawa baharia, akafika Uingereza. Siku moja alikwenda Inveresk kumwona baba yake. Anasimulia kwamba baba alimkataa, na kwamba aliondoka na bia nyepesi aliyopewa na mpishi na sarafu ya peni sita yenye ufa.

Mwaka 1824 Andrew, mwana wa James kwa mke wa ndoa, aliandika gazetini kumkana Robert na kumchafua Rosanna. Robert akamjibu, na mwaka huohuo akachapisha kitabu, The Horrors of Slavery, akimtaja baba yake waziwazi na kumtetea mama. Hakusubiri kuingizwa na mtu kwenye orodha ya ukoo.

Nasema hivi kwa sababu vyama vya koo vinavyofurahia kumpata binamu Nova Scotia vinapaswa kujua namna ya kumpata binamu Kingston, na njia yake ni ngumu zaidi. Daftari za watumwa za Jamaika zilianza 1817. Mara nyingi mtu ana jina moja tu, umri wake, na kama alizaliwa Afrika au kisiwani. Safu ya baba hakuna. Ukibahatika, pembeni karani ameandika mtoto ni wa nani, na jina analolitaja hapo ni la mama.