Skrini Bila Lugha, Lugha Bila Skrini: Televisheni ya Watoto wa Awali na Historia ya Kiswahili Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya televisheni ya watoto wa umri wa miaka 3 hadi 6 katika Afrika Mashariki na kuitazama kutoka kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba chombo na lugha vilifika eneo hili kwa njia tofauti na hadi leo havijakutana. Mjini Mbarara skrini si haba, lakini Kiswahili si lugha ya malezi. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kiswahili ni lugha ya nyumbani ya watoto wengi, lakini skrini ni adimu. Makala yanaeleza mwachano huo ulivyotokea na kudai kwamba Kiswahili cha watoto wa Nakivale ni rasilimali ambayo sera ya lugha ya Uganda haijaitambua.

1.0 Utangulizi

Mtoto wa miaka minne hachagui lugha ya kipindi anachokitazama. Amechaguliwa na mwandishi wa mswada, na mwenye leseni ya kurusha matangazo, na mzazi aliyeweza au asiyeweza kulipia king'amuzi. Nyuma ya hao wote ipo historia ndefu ya nani alisema Kiswahili wapi, na kwa nini. Kwa sababu hiyo, televisheni ya watoto wa awali haiwezi kuelezwa kwa kutazama vipindi peke yake. Sharti itazamwe pamoja na historia ya lugha mahali mtoto anapoishi.

Mbarara na Nakivale ni jozi inayofaa kwa uchunguzi huu. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara hadi mwaka 2005, na umbali kati ya mji na makazi ni kilomita 60 hivi. Hata hivyo, kwa mtoto wa chekechea, umbali wa kilugha kati ya sehemu hizo mbili ni mkubwa kuliko ule wa barabara.

2.0 Njia mbili za Kiswahili

Mbarara ilikijua Kiswahili kwanza kama lugha ya amri. Jeshi la kikoloni la King's African Rifles lilikitumia, na jeshi la Uganda huru likakirithi. Mji wenyewe ni mji wa kambi: Kikosi cha Simba kiliwekwa hapo, Septemba 1972 Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania waliushambulia, na Februari 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliuteka wakati wa vita vya kumwondoa Idi Amin. Katika kipindi hicho Amin alikuwa ametangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, mwaka 1973. Tangazo hilo halikuleta walimu wala vitabu vya kutosha, na kwa wakazi wengi lilikihusisha Kiswahili zaidi na bunduki. Mama wa Mbarara aliyembembeleza mtoto alimbembeleza kwa Runyankore, na mpaka leo ndivyo ilivyo.

Nakivale ilikipata Kiswahili kwa njia ya uhamisho. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958 na yalipokea wakimbizi wa Rwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959 na baada yake. Lugha kuu ya wakazi wa mwanzo ilikuwa Kinyarwanda. Vita vya Kongo vya miaka ya 1990 na migogoro ya Kivu iliyofuata vilibadili sura ya makazi. Leo Nakivale ina zaidi ya watu 100,000, na Wakongo ndio kundi kubwa kuliko yote, wakiishi pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waeritrea, Waethiopia na wengine. Kiswahili, kimojawapo cha lugha nne za taifa za Kongo, kilikuja na familia nzima: bibi, mama na mtoto mgongoni. Hapa hakikuwa lugha ya amri. Kilikuwa lugha ya kumtuliza mtoto njaa inapouma.

3.0 Kutoka kipindi hadi chaneli

Televisheni nayo ilikuwa na safari yake. Uganda ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya Kenya. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, kwa kuwa chombo hicho kilihesabiwa kuwa anasa katika nchi iliyokuwa ikijenga shule na zahanati. Katika hatua hii ya kwanza televisheni ilikuwa ya taifa na ya watu wazima.

Wazo kwamba televisheni inaweza kumfundisha mtoto kabla hajaingia darasa la kwanza lilipata nguvu Marekani tarehe 10 Novemba 1969, kilipoanza kipindi cha Sesame Street. Kilikusudiwa hasa kuwapunguzia watoto wa kimaskini pengo la kielimu kabla ya shule. Miongo mitatu baadaye kipindi kikawa chaneli: Uingereza ilianzisha CBeebies tarehe 11 Februari 2002, chaneli nzima kwa walio chini ya miaka sita. Afrika Mashariki iliingia humo kama karakana kabla ya kuingia kama hadhira. Tinga Tinga Tales, katuni zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Tingatinga ya Tanzania, zilionyeshwa na CBeebies mwaka 2010 kwa Kiingereza.

Mkondo wa Kiswahili ulianzia Tanzania. Kilimani Sesame ilitumia televisheni, redio na maandishi kuwafikia watoto wadogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu watoto 223 wa Kisarawe na Dar es Salaam, uliofanyika kwa wiki sita, ulionyesha kwamba walioyapokea mafunzo hayo kwa wingi walipiga hatua zaidi katika herufi, hesabu na ufahamu wa afya, ikiwemo malaria. Kisha likaja shirika la Ubongo la Dar es Salaam. Ubongo Kids ilianza mwaka 2014 kwa watoto wa shule ya msingi, na baadaye ikafuatwa na Akili and Me kwa watoto wa awali, ambapo msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro hujifunza katika ulimwengu wa ndoto akiwa na marafiki wanyama. Tarehe 31 Machi 2020 Nairobi ilipata Akili Kids!, chaneli ya watoto inayopatikana bila malipo ya mwezi.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, Kiswahili cha skrini ni cha Dar es Salaam na Nairobi. Cha Bukavu na Goma hakimo. Pili, Uganda haikuwa kitovu cha mkondo huu. Kusini-magharibi mwa nchi, vyombo vya eneo, kama TV West ya Mbarara, vilijengwa juu ya Runyankore-Rukiga. Huo ni uamuzi wenye busara kibiashara na kiutamaduni, lakini haukumgusa mtoto wa Nakivale.

4.0 Mwaka ambao pengo lilionekana

Machi 2020 Uganda ilifunga shule zote, na zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu zaidi. Redio, televisheni na vitabu vya kujisomea nyumbani vilipewa kazi ya darasa, lakini vililenga hasa wanafunzi wa msingi na sekondari. Sababu yake ni ya kisheria pia: Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaitambua elimu ya awali kama ngazi ya kwanza, lakini inaiacha mikononi mwa watu na mashirika binafsi. Mtaala wa mwaka 2007 unaotumia lugha za kienyeji huanzia darasa la kwanza. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne hakuwa na mtu aliyewajibika kisheria kumsemesha.

Ndani ya miezi hiyo tofauti kati ya Mbarara na Nakivale ilikuwa bayana. Familia ya mjini yenye king'amuzi ingeweza kumwekea mtoto katuni, nyingi zikiwa za Kiingereza. Familia ya Nakivale yenye paneli ndogo ya sola ilikuwa na mgao mwingine wa umeme: taa na simu kwanza. Mtoto ambaye angekielewa kipindi cha Kiswahili tangu neno la kwanza ndiye aliyekuwa mbali zaidi na kipindi hicho.

5.0 Batoto, abaana, watoto

Huenda ikasemwa kwamba hata skrini ikipatikana, mtoto wa Nakivale hatanufaika kwa sababu Kiswahili chake, kilichowahi kuitwa Kingwana, si sanifu. Dai hili linahitaji kupimwa kwa data ya lugha yenyewe. Kiswahili Sanifu husema mtoto na watoto, kitabu na vitabu, mtu na watu. Kiswahili cha Kivu husema mutoto na batoto, kitabu na bitabu, mutu na batu. Runyankore husema omwana na abaana, ekitabo na ebitabo, omuntu na abantu. Katika udogo, Kivu husema katoto na Runyankore husema akaana, ilhali Kiswahili Sanifu huelekea kwenye kitoto.

Linganisho hili linaonyesha kwamba tofauti kati ya Kivu na Sanifu ni ya kimpangilio: ba- kwa wa-, bi- kwa vi-, mu- kwa m-. Mtoto huweza kuivuka kwa kusikia mara nyingi, na vipindi vya awali hujengwa juu ya kurudiarudia. Linaonyesha pia jambo ambalo mijadala ya usanifishaji haijalipa uzito: kimofolojia, Kiswahili cha Kivu kinasimama katikati ya Runyankore na Kiswahili Sanifu. Mtoto wa Mbarara anayeona abaana na watoto kuwa maneno yasiyohusiana hata kidogo anaweza kupitia kwenye batoto kuutambua mfumo anaoujua tayari. Kile kinachoitwa kasoro ya mkimbizi ni daraja kwa mwenyeji wake.

Hoja hii haidai kwamba kipindi kitungwe kwa lahaja ya Kivu wala kwamba watoto wakae mbele ya skrini siku nzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unapendekeza kisizidi saa moja kwa siku kwa watoto wa miaka miwili hadi minne. Kinachodaiwa ni nusu saa iliyochaguliwa vizuri, kwa Kiswahili, katika chekechea ya Nakivale na ya Mbarara, pamoja na mlezi anayeruhusiwa kurudia neno kwa lugha ya nyumbani bila kuona haya. Pale pasipo na skrini, Kilimani Sesame imekwisha kuonyesha kwamba redio nayo inaweza kubeba sehemu ya kazi hiyo.

6.0 Hitimisho

Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwaka huohuo Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hatua hizi zimezungumzwa zaidi kama suala la walimu, mitihani na ajira. Uganda inatafuta walimu wa Kiswahili wakati ndani ya mipaka yake kuna maelfu ya watoto wanaokiongea kabla hawajajua kushika kalamu. Watoto hao wakifika darasa la kwanza huanza upya kwa lugha nyingine, na Kiswahili chao huhesabiwa kuwa ishara ya ukimbizi. Kazi iliyo mbele ya watafiti wa eneo hili ni kukusanya na kuchambua Kiswahili cha watoto wa Nakivale kabla ya shule kukifuta, na kuwapa watunzi wa vipindi na walezi wa chekechea matokeo hayo. Umri wa miaka minne haudumu, na kila mwaka sera inapochelewa, kundi jingine la watoto huvuka bila kusikia lugha ya mama zao ikitoka kwenye skrini au redio.