Mito ya Elgon: Mlima mmoja, maziwa mawili

MVUA inyeshayo juu ya Mlima Elgon haina mwisho mmoja. Sehemu ya maji yake humiminika katika Ziwa Victoria, na sehemu nyingine huelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Eneo la Kwanza, kaskazini mwa Kitale, limo karibu na mahali njia hizo mbili zinapoachana.

Elgon ni volkano iliyozimika zamani. Kilele chake cha juu zaidi, Wagagai, kina urefu wa mita 4,321 nacho kiko Uganda. Katika shimo kubwa lililo juu ya mlima ndimo unamochimbuka Mto Suam, ambao hupenya ukingo wa mashariki na kuwa, kwa kitambo, mpaka wa Kenya na Uganda. Katika Pokot Magharibi mto huo hujulikana kama Turkwel. Huko umezuiwa na bwawa lenye ukuta wa mita 153, linalozalisha umeme. Maji yake hatimaye huingia Ziwa Turkana, ambalo halina mto wowote unaotoka ndani yake.

Mto Koitobos, uteremkao kutoka mlima huo huo, huungana na Nzoia. Nzoia, wenye urefu wa takriban kilomita 257, hupokea pia maji ya milima ya Cherangany. Ukifika Bungoma huongezewa nguvu na Kibisi na Kuywa kutoka Elgon, na Kipkaren kutoka nyanda za kusini-mashariki. Hushuka kwa kishindo kwenye maporomoko ya Webuye, hupita Mumias, kisha huingia Ziwa Victoria huko Budalang'i. Kutoka ziwani, maji husafiri na Mto Nile hadi Bahari ya Mediterania.

Watu wa Budalang'i ndio wanaoonja uchungu wa safari hiyo. Mvua kubwa ikinyesha milimani, mto hufurika kwao hata pasiponyesha tone. Kingo zilizojengwa kuuzuia zimewahi kubomoka, na mafuriko ya 2003, 2008 na 2020 yaliwafukuza wengi makwao.

Misitu na vinamasi, kama kile cha Saiwa karibu na Kitale ambacho ni makao ya nzohe, huyashika maji na kuyaachilia polepole. Msitu unapofyekwa, au shamba linapolimwa hadi ukingoni mwa mto, udongo wa Trans Nzoia na Bungoma husombwa na kujaza mkondo huko Budalang'i.