Kipupwe cha Mnazi Mmoja na Kivuli cha Kasansa

Lugha yetu ina jina zuri kwa miezi ya Juni, Julai na Agosti: kipupwe. Masika yamekwisha, upepo wa kusi unavuma, jua limepunguza ukali, na hata Dar es Salaam mtu anaweza kukaa nje saa nane za mchana bila kulowa jasho. Ulaya na Marekani wana majira yao ya theluji na namna yao ya kuyafurahia katika bustani za miji. Sisi tuna haya. Swali linalonishughulisha ni la kihistoria: katika miezi hii mizuri, nani amekuwa na haki ya kukaa wapi?

Nianze mbali kidogo. Bustani ya mji inayotajwa kuliko zote duniani, Central Park ya New York, ilianza kupokea wananchi katikati ya baridi, Desemba 1858, pale ziwa lake lilipoganda na watu wakafika kuteleza juu ya barafu. Mwaka mmoja kabla yake, 1857, kilikuwa kimebomolewa kijiji kilichokuwa ndani ya eneo hilo, Seneca Village, makazi ya Wamarekani weusi huru waliokuwa wakimiliki viwanja na kusali katika makanisa yao wenyewe. Waliofurahia barafu ile hawakuhitaji kukijua kijiji hicho. Bustani huwa na tabia hiyo: majani yakishaota, historia haionekani.

Zetu nazo zina historia. Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na jina la Franz Stuhlmann, aliyesimamia kilimo katika koloni lile, halitenganishwi nayo. Haikuanzishwa ili watu wapunge upepo. Ilikuwa shamba la majaribio: miti na mazao kutoka pande nyingine za dunia yalipandwa pale ili ijulikane ni yapi yangestawi kwa faida ya uchumi wa mkoloni. Miti ile ikakua na kutoa kivuli, kivuli kikavuta watu, na leo ukipita pale mwezi wa Julai utakuta wanafunzi na daftari zao na maharusi wakipigwa picha. Eneo lenyewe limepungua mno kuliko lilivyokuwa, kwa kuwa kila zama zimemega kipande kwa ajili ya majengo zilizoyaona kuwa ya maana zaidi.

Lakini uwanja ulio na mengi ya kutufundisha ni Mnazi Mmoja. Wakazi wengi wa jiji huudhania kuwa ni nafasi iliyosazwa kwa bahati. Sivyo. Tangu enzi za Wajerumani, kanuni za ujenzi ziliigawa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba, na aina ya nyumba ikawa ndiyo rangi ya mwenye nyumba: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, Uswahilini nyuma, kuelekea Kariakoo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliukamilisha mpango huo kwa kuacha ukanda mtupu kati ya mji wa biashara na makazi ya Waafrika. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: kuzuia maradhi yasivuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Maana yake kwa mtu wa Kariakoo ilikuwa wazi. Maradhi yaliyoogopwa ni yeye.

Sasa tazama walivyoutumia wale waliokusudiwa kuzuiwa nao. Ukanda wa kutenganisha ukawa mahali pa kukutania, pa mpira, pa sherehe na pa maneno. Mtaa uliopakana nao upande wa Kariakoo uliitwa New Street, nao leo ndio Mtaa wa Lumumba. Katika mtaa huo, kwenye ofisi ya chama cha TAA, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa. Chama kilichouondoa ukoloni kilianzishwa ukingoni mwa uwanja ambao ukoloni uliuacha wazi ili kujikinga na watu wake, tena katikati ya kipupwe. Mikutano ya hadhara ilipoanza, Mnazi Mmoja ulipokea umati, na baada ya uhuru ndipo ulipowekwa Mnara wa Mwenge. Kwa miaka mingi Siku ya Mashujaa, 25 Julai, imeadhimishwa hapo. Sidai kwamba hali ya hewa huleta mapinduzi. Wanahistoria wenzangu wangenicheka. Nasema tu kwamba siasa ya watu wasio na kumbi inahitaji ardhi kavu na mchana usiochoma, na Julai ina vyote viwili.

Jirani zetu wa Nairobi wanalijua jambo hili kwa baridi kali zaidi. Julai ya kule ni ya mawingu mazito, na anayeketi katika Uhuru Park hutafuta jua badala ya kivuli. Tarehe 7 Julai 1990 ndiyo siku waliyoichagua wadai wa vyama vingi kukutana katika uwanja wa Kamukunji, na Serikali ikajibu kwa kuwakamata viongozi wake, Kenneth Matiba na Charles Rubia, siku tatu kabla. Mwaka mmoja nyuma, Wangari Maathai alikuwa amepinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Alikejeliwa hata bungeni, lakini wenye fedha wakajitoa na mradi ukafa. Mwaka 1992 mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga kula katika kona ya bustani hiyohiyo. Laiti ghorofa zile 60 zingesimama, sijui mama wale wangeketi wapi.

Nimetembea kwa makusudi kutoka pwani ili nifike Katavi, maana huko ndiko suala hili linakopata sura ya ajabu kuliko zote. Waingereza hutumia neno moja kwa vitu ambavyo Kiswahili kimevitenga kwa busara: bustani, unamokaa, na hifadhi, unayozuiwa kukaa. Barabara ya kutoka Mpanda kuelekea kusini hupita Sitalike na kukata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi kabla ya kufika nchi ya Mpimbwe, iliko Kasansa. Hifadhi hiyo ilitangazwa kuwa ya taifa mwaka 1974, na ina kilometa za mraba 4,471. Miezi ya kiangazi ndiyo fahari yake: mto Katuma hupungua hadi viboko hubanana kwa mamia katika madimbwi, na ndipo wageni wanaposhuka kwa ndege ndogo kuja kustarehe. Nao huondoka wakisema wameona pori ambalo halijawahi kuguswa.

Limeguswa. Jina lenyewe, Katavi, ni la Katabi, mzimu unaoaminiwa na Wabende kuishi katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ambako watu wamezoea kupeleka sadaka zao. Nchi isiyo na watu haina mizimu yenye majina. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wengi wa magharibi ya Tanganyika katika makazi ya pamoja kwa hoja ya kupambana na malale, na sehemu kubwa ya ardhi waliyoiacha ikarudi kuwa msitu. Hapa pia hoja ilikuwa afya, kama Mnazi Mmoja. Na malale, lazima tukiri, ulikuwa ugonjwa wa kweli uliokuwa ukiua. Hata hivyo, mkwaju ule ulikuwa bustani kabla ya neno hilo kuletwa: mti, kivuli, watu waliokusanyika, na sababu ya kukusanyika.

Kasansa ni nchi ya mpunga na mahindi. Mavuno yakishaingia ndani, kuanzia Juni, mkono unapata nafasi. Huu ndio wakati wa ndoa, wa ngoma, wa mpira wa jioni na wa wazee kuzungumza. Mambo hayo hufanyika wapi? Uwanjani mwa shule, kando ya barabara, mbele ya duka la mtu. Vituo vya biashara vya namna hii hukua kwa kasi, na kinachokuja mbele ya barabara na maji ni mpimaji na vigingi vyake. Kila mti ulioachwa bila mwenyewe huhesabiwa kuwa kiwanja kinachosubiri mnunuzi. Hivyo wapo Watanzania wanaopakana na mojawapo ya hifadhi kubwa za taifa nchini, huku pa kuketi bure na kwa haki ni pachache na panazidi kupungua.

Wapo watakaosema bustani ni anasa ya miji yenye lami. Historia niliyoieleza inapinga. Dar es Salaam haikuupata Mnazi Mmoja ilipotajirika. Iliukuta upo, ikaubadilisha matumizi. Mji ambao haukuacha nafasi tangu mwanzo huinunua baadaye kwa fidia, na kwa kawaida hauinunui.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatambua ndani ya kijiji ardhi ya matumizi ya pamoja, mbali na ile inayogawiwa mtu mmojammoja au familia. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza, Mkutano Mkuu huidhinisha. Mkutano huo unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mmojawapo huangukia majira haya, mpunga ukiwa umeshavunwa na watu wakiwa na muda wa kubishana hadi jua lizame. Ekari mbili zenye mikwaju au miembe zingetosha kuwa ajenda yake ya kwanza.