Kuangua Matufaha Viungani mwa London: Kutoka Ngazi hadi Mashine Ndogo

Mti wa tufaha uliokuzwa kwa mtindo wa zamani katika mikoa inayoizunguka London huweza kufika mita 8, na kwa karne kadhaa matunda yake ya juu yalifikiwa kwa ngazi tu. Urefu huo haukuwa uzembe wa mkulima. Huko Kent kondoo walilishwa chini ya miti, kwa hiyo matawi yalipaswa kuanza juu ya vichwa vyao. Huko Middlesex, magharibi mwa jiji, ardhi ilikuwa ghali na wakulima walipanda vichaka vya matunda madogo kivulini. Shamba moja lilitoa mazao mawili, lakini la juu lilidai jasho zaidi.

Ngazi za cheri za Kent zilijulikana kwa urefu wake. Baadhi zilikuwa na vipandio zaidi ya 30, na miguu yake ilitanuka kuelekea chini ili isiyumbe. Mvunaji alitundika kikapu kwenye kipandio kwa ndoana, mikono yote miwili ikabaki huru. Kuisimamisha ngazi ya namna hiyo bila kuvunja tawi lilikuwa jambo la ustadi, na hapo ndipo muda mwingi ulipopotea: kuhamisha ngazi, wala si kuchuma.

Bustani hizo zilitegemea tumbo la jiji. Mwaka 1533 Richard Harris, mtunza matunda wa Mfalme Henry VIII, alianzisha shamba huko Teynham, Kent, kwa miche iliyoletwa kutoka ng'ambo ya bahari. Soko la Covent Garden lilipata hati ya kifalme mwaka 1670. Mwanzoni mwa karne ya 19, wanawake waliotoka Wales na Shropshire kwa kibarua cha msimu walibeba stroberi kichwani kutoka Isleworth hadi sokoni humo, karibu kilomita 15 kwa miguu, kwa kuwa mkokoteni uliponda tunda. Shida hiyo ya kupondeka ndiyo iliyokuja kuamua, zaidi ya karne moja baadaye, mashine ingefaa wapi na wapi isingefaa.

Karne ya 19 ilijishughulisha zaidi na aina za matunda kuliko zana. Tufaha la Cox's Orange Pippin lilitokana na mbegu iliyopandwa yapata mwaka 1825 na Richard Cox, mtengeneza bia mstaafu, huko Colnbrook karibu na Slough. Mwaka 1883 maonyesho makubwa ya matufaha yalifanyika Chiswick, yakakusanya aina zaidi ya 1,500. Aliyeziangua bado alipanda ngazi.

Mageuzi yalitokea mahali pasipotarajiwa: mizizini. Kituo cha utafiti cha East Malling, Kent, kilianzishwa mwaka 1913, na chini ya Ronald Hatton kilichambua na kupanga miche ya chini inayobebeshwa vikonyo. Mche uitwao M9 huufanya mtufaha ubaki na kimo cha mita mbili au tatu. Mvunaji akasimama chini, mfuko kifuani, akachuma. Badala ya kubuni mashine ya kuupanda mti, watafiti waliushusha mti hadi kwa mtu, na hilo liliokoa kazi nyingi. Miti mirefu ikaanza kuonekana kuwa mzigo.

Injini ilianza na mimea mingine. Familia za mashariki mwa London zilikuwa zikienda Kent kila Septemba kuchuma hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake. Mashine za kuchambua hopsi zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, na safari hizo zikafifia. Huko California, wakulima wa jozi na plamu za kukausha walitumia mitambo ya kutikisa miti: mkono wa trekta hulibana shina, uzito unaozunguka huutetemesha mti kwa sekunde chache, na mavuno hudondoka. Uingereza ilipokea mbinu hiyo kwa matufaha ya saida, kileo cha tufaha, hasa Herefordshire na Somerset. Tunda la saida husagwa hata hivyo, hivyo doa halimsumbui mtu. Tufaha la mezani likidondoka mita tano huharibika.

Wakati huohuo bustani zenyewe zilikuwa zikitoweka. Mwaka 1944 serikali ilitwaa mashamba ya mboga na matunda ya kijiji cha Heathrow ili kujenga uwanja wa ndege. Uingereza ilipoingia katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1973, matufaha ya Ufaransa yalijaa sokoni, na ruzuku zikatolewa kwa wakulima wang'oe miti yao.

Mwelekeo ulianza kubadilika pale shirika la Common Ground lilipoandaa Siku ya Tufaha ya kwanza, Covent Garden, tarehe 21 Oktoba 1990. Mwaka 2007 bustani za jadi zilitambuliwa rasmi Uingereza kuwa makazi ya viumbe yanayostahili kulindwa, na mwaka 2009 ulizaliwa mradi wa London ambao leo unaitwa The Orchard Project.

Ulinzi huo umeweka mipaka ya zana. Shina kuukuu lenye mapango hukaliwa na wadudu adimu. Likibanwa na mtambo wa trekta, gome huchubuka na shina huweza kupasuka, huku magurudumu yakishindilia udongo juu ya mizizi. Mashine ndogo ya kusukumwa kwa mkono inafaa zaidi: rola yake huokota matufaha nyasini na kuyatupa kwenye kreti, mradi nyasi zifyekwe fupi na mifugo iondolewe wiki kadhaa kabla, kwa ajili ya usafi. Tawi hutikiswa kwa ngoe, ileile inayojulikana na kila aliyewahi kuangua maembe, au kwa kitikisio chenye injini kinachoshikwa mkononi.

Ndani ya London yenyewe hata rola ni nadra, kwa kuwa miti imetawanyika bustani hadi bustani. Watu wa kujitolea huangua kwa fito zenye mfuko, kisha hukamua kwa vinu vya mkono. Matufaha yanayotolewa na wakazi wenye miti nyumbani ndiyo The Orchard Project imewahi kuyatumia kutengeneza saida iitwayo Local Fox, ambayo mapato yake yalielekezwa kwenye utunzaji wa bustani.