Bunduki ya Thompson na Neno "Kujilinda", 1916–1934

Makala haya mafupi yanahusu silaha moja na neno moja. Silaha ni bombomu ndogo, yaani bunduki ibebwayo na mtu mmoja, itumiayo risasi za bastola na kuzitoa mfululizo maadamu kidole kingali kwenye kifyatulio. Neno ni kujilinda.

John T. Thompson, afisa wa jeshi la Marekani, alianzisha kampuni ya Auto-Ordnance mwaka 1916. Alitaka kuwapa askari wa mahandaki ya Ulaya kile alichokiita fagio. Majina ya kwanza ya chombo hicho yalikuwa ya vitisho. Moja lilikuwa na maana ya Mwangamizaji. Vita vikaisha Novemba 1918 kabla fagio halijafagia, na kampuni ikabaki na bidhaa isiyo na mnunuzi. Hapo ndipo lugha ilipoitwa kusaidia biashara. Mwangamizaji akasahauliwa, likatungwa jina la kiufundi, jina la bombomu likitanguliwa na kiambishi cha kupunguza, kana kwamba kilichopungua ni ukali na si ukubwa tu.

Mwaka 1921 kiwanda cha Colt kilitengeneza bunduki 15,000. Matangazo yalimwonyesha mchunga ng'ombe amesimama kwenye baraza ya nyumba yake, akiwamiminia wezi risasi. Mwenye shamba aliambiwa kwamba hiyo ndiyo silaha ya kulinda mali yake.

Je, ilimfaa? Tuihesabu. Bila risasi ilikuwa na uzito wa karibu kilo 5. Kwa mwendo wa risasi 800 kwa dakika, kasha la risasi 20 huisha kwa sekunde moja na nusu, na mtutu hupanda juu kadiri risasi zinavyotoka. Mwenye nyumba aliyeamshwa usiku angewajibika kwa kila risasi iliyomkosa mwizi ikapenya ukuta. Tena bei ilikuwa dola 200 hivi, zaidi ya nusu ya bei ya motokaa ya Ford iliyo rahisi kuliko zote. Mkulima, ambaye hakuwa mjinga, alibaki na bunduki yake ya kuwindia. Miaka mingi baadaye sehemu kubwa ya zile 15,000 ilikuwa bado ghalani.

Walioiona inafaa ni wale ambao kasoro hizo hazikuwasumbua, kwani hawakuwa wakilinda chochote. Tarehe 14 Februari 1929, mjini Chicago, watu saba walisimamishwa ukutani ndani ya gereji wakauawa, na bunduki mbili za Thompson zilitumika. Baadhi ya wauaji walivaa sare za polisi. Sare nayo ni ishara ya ulinzi, na iliwadanganya wahanga kama tangazo la barazani lilivyotaka kumdanganya mkulima.

Mwaka 1934 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuandikisha silaha za namna hiyo na kuzitoza kodi kila zinapohama mkono. Sheria haikupiga marufuku ununuzi. Kodi iliwekwa kuwa dola 200, sawasawa na bei ya bunduki yenyewe. Mnunuzi wa kweli alipatikana vita vya 1939–1945 vilipozuka, nazo zikatengenezwa zaidi ya milioni moja, kwa kazi ile ile ya fagio.