Mtandao uliokuja kwenye flopi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Nyamahanga, kule Ngara inakopakana na Biharamulo. Dogo mmoja wa jirani akaja, akanipa shikamoo, kisha akasema, "Kaka, nirushie hiyo programu." Bando hana, na hata angekuwa nalo, mtandao pale unakuja na kuondoka utakavyo wenyewe. Tukaunganisha simu, Xender ikafanya kazi yake, dakika mbili tu kashaipata. Hakuna senti iliyotoka mfukoni mwa mtu.

Nimelitaja hili kwa sababu kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma jinsi mawasiliano ya kompyuta yalivyoanza Afrika Mashariki, na kitu kilichonishangaza ni kwamba yalianza hivihivi. Kabla hatujawa na kampuni za intaneti, tulikuwa na watu wanaonakiliana programu kwenye flopi na kupeana mkononi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na seti za televisheni. Mfumo wa kompyuta wa hesabu za Wizara ya Fedha ulikuwa umeleta hasara na vurugu, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Ukitaka kompyuta, uombe kibali maalumu. Kwa hiyo hadi miaka ya 1980 inakwisha, mashine zilizokuwepo zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa Dar es Salaam. Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye kompyuta moja ya DOS na laini ya simu inayokatika mvua ikinyesha, angeunganishwaje na dunia?

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaifikiria Afrika. Mwaka 1984 kijana mmoja wa San Francisco, Tom Jennings, aliandika programu aliyoiita Fido. Alitaka kompyuta yake ipige simu yenyewe usiku, wakati gharama ni ndogo, na kubadilishana barua na kompyuta ya rafiki yake John Madill aliyekuwa Baltimore. Wengine wakaiomba, akawapa. Ndivyo ulivyozaliwa FidoNet, mtandao ambao kufikia katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa na vituo zaidi ya 30,000.

Ukitaka kuelewa ulivyofanya kazi, fikiria mzigo unaotumwa kwa basi. Mama akiwa Ngara anataka kumpelekea mwanawe Mwanza bahasha. Hamsubiri mwanawe awe hewani. Anampa kondakta, bahasha inafika stendi, inakaa hapo, mwenyewe anakuja kuichukua akipata nafasi. FidoNet ilikuwa hivyo: kompyuta inakusanya barua za siku nzima, inazibana ziwe ndogo, usiku inapiga simu kwa kituo cha jirani, inatupa furushi, inapokea lake, inakata. Hakuna haja ya kuwa kwenye laini saa zote. Kwa nchi zenye simu kama zetu wakati ule, mtu asingeweza kubuni kitu kinachofaa zaidi hata angekusudia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nairobi ilikuwa tayari na kituo cha Fido katika Environment Liaison Centre International, shirika lililokuwa linaunganisha asasi za mazingira. Vyuo vikuu navyo vikaingia kupitia mradi wa ESANET uliofadhiliwa na IDRC ya Kanada: Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Pale Makerere mfumo uliitwa MUKLA. Madaktari wakapata HealthNet, kazi ya shirika la SatelLife lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown. Hawa waliongeza hata satelaiti ndogo, HealthSat-2, iliyorushwa Septemba 1993, ambayo ilipita juu ya kituo mara chache kwa siku, ikachukua barua na kuondoka nazo. Basi lilelile, ila sasa linapita angani.

Lakini mimi shujaa wangu katika hadithi hii ni itifaki, yaani kanuni ambazo mashine mbili hukubaliana ili zielewane. Mwaka 1977 Ward Christensen wa Chicago aliandika XMODEM na kuiachia watu wote. Ilikata faili vipande vya baiti 128. Kila kipande kikifika, mpokeaji anajibu "nimepata", ndipo kinachofuata kinatumwa. Ilifanya kazi, ila laini ikikatika umefika asilimia 95, unaanza upya. Aliyewahi kupakua kitu kikakwama mwishoni anajua hasira yake.

Mwaka 1986 Chuck Forsberg wa Portland, Oregon, akaleta ZMODEM. Kampuni ya Telenet ndiyo iliyomlipa, na kazi ikawekwa wazi kwa umma. Ilituma vipande mfululizo bila kusubiri jibu la kila kimoja, na muhimu zaidi, laini ikikatika ilikumbuka ilipofika. Unapiga tena, inaendelea palepale. Programu kama BinkleyTerm na FrontDoor ziliichukua, na kwa simu ya Dar kwenda nje uwezo huo ulikuwa ndio tofauti ya kupata barua na kutopata kabisa.

Tupige hesabu. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde hupitisha herufi kama 240 kwa sekunde. Barua mia moja za ukurasa mmoja mmoja, tuseme herufi 2,000 kila moja, zinachukua dakika 14 hivi. Ukizibana hadi nusu, dakika saba. Hiyo inalipika. Lakini flopi moja iliyojaa, ile ya megabaiti 1.44, ingekula saa moja na dakika 40 za simu ya kimataifa! Ndiyo maana barua zilikwenda kwa waya na programu zikasafiri kwenye mabegi. Aliyehudhuria warsha Nairobi alirudi na flopi, na wa jirani yake akainakili. Virusi navyo, bila shaka, vilipanda begi hilohilo.

Na hapa nataka tulitazame vizuri neno "bure", maana tunalitumia ovyo. XMODEM na ZMODEM zilikuwa wazi kwa kila mtu. FrontDoor ilikuwa bure kwa asiyefanya biashara. Mfanyabiashara alitakiwa kulipa. Nyingine ulipewa uzijaribu kwanza, ukizipenda utume pesa kwa mwandishi, jambo ambalo bila fedha za kigeni wengi wasingeweza hata wangetaka. Kilichokuwa wazi kuliko vyote ni maelezo: kanuni za FidoNet, zilizoandikwa na Randy Bush, zilikuwa maandishi ya kawaida ambayo yeyote angeweza kusoma na kuandika programu yake. Huyuhuyu Bush baadaye alisaidia kuanzisha .ke, jina la Kenya kwenye intaneti.

Simu, hata hivyo, haikuwa bure. Kupiga London kutoka Nairobi kulikuwa ghali kuliko kupiga Nairobi kutoka London, basi mashine ya London ndiyo iliyopiga. Lango hilo liliitwa GnFido, likiendeshwa na Karen Banks katika shirika la GreenNet, na ndilo lililobadilisha barua za Fido kuwa baruapepe za kawaida na kinyume chake. Wengine husimulia habari hii kama ushindi wa programu huria peke yake. Sikubaliani. Programu ilifungua mlango, lakini kuna mtu kila mwezi alilipia bili ya simu, na wafadhili walipochoka vituo vingi vilinyamaza. Kuanzia 1995 intaneti kamili ilipoanza kuuzwa, Fido ilipoteza watu haraka.

Huku kwetu haikufika. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja, wakati Muhimbili na Mlimani wanatumiana barua na Nairobi, Ngara ilikuwa inategemea redio na vyombo vya satelaiti walivyokuja navyo wageni. Wageni walipoondoka, vyombo vingi viliondoka nao. Radio Kwizera, iliyoanza 1995, ndiyo iliyobaki.

Yule dogo, kwa taarifa yako, hakukaa na programu peke yake. Siku ya tatu niliikuta kwenye simu ya bodaboda mmoja ambaye hata simfahamu, akaniuliza kama nina toleo jipya.