Rehani Ilikuwa Mama

Mama alikuwa sokoni Kongowea, amepanga mafungu yake ya nyanya, simu ikaita. Namba ngeni. Akadhani ni mteja. Sauti ya kijana ikamwuliza kama yeye ndiye aliyeandikwa "Mama" kwenye simu yangu. Akaitika. Akaambiwa amezaa mwizi, na nisipolipa Sh4,200 kufikia jioni, kila mtu ninayemjua atapigiwa. Mama hakujua lolote. Miezi yote hiyo nilikuwa nikimwambia mambo Nairobi ni sawa.

Hiyo ilikuwa Februari 2021. Vyuo vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, na vilipofunguliwa mimi sikurudi. Karo haikuwepo. Nilikuwa naandikia watu makala, malipo yanakuja wakitaka. Nikisota, nakopa kwenye apu. Ya pili niliichukua ili nilipe ya kwanza. Kufikia siku ile nilikuwa na madeni sita: matano ya apu, moja la benki kupitia simu.

Somo langu chuoni lilikuwa historia, na zoea moja halijanitoka: jambo likinikaba, nauliza lilianzia wapi. Hili la kwangu naona lilianzia kwenye neno rehani.

Huku kwetu Pwani, rehani haikuwa bangili au shamba tu. Katika njaa kali za miaka ya 1880 na ile ya 1898 hadi 1900, kuna familia za Wamijikenda zilizompeleka mtoto kwa tajiri wa mjini ili zipate nafaka. Mtoto aliishi huko akifanya kazi mpaka deni lilipwe, ndipo akombolewe. Wengine walikombolewa. Wengine hawakurudi, na wako waliouzwa utumwani.

Wakoloni walileta rehani ya karatasi. Sheria ya ardhi ya 1908 ilitoa hati katika ukanda wa Pwani, lakini Wamijikenda wengi waliachwa nje, wakawa maskwota kwenye ardhi waliyokuwa wakilima. Mwaka wa 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton, ambao uliwaahidi wakulima Waafrika hati ya shamba, na kwa hati hiyo, mkopo. Ahadi hiyo haikumfikia nyanya yangu. Alilima maisha yake yote kwenye shamba lisilo na jina lake. Baada ya uhuru, asiye na hati alihitaji payslip, au wadhamini kwenye Sacco. Nyanya hakuwa na payslip, Mama hana, mimi pia sina.

Kwa hivyo M-Pesa ilipoanza 2007, halafu M-Shwari ikafuata Novemba 2012, watu kama sisi tulihisi mlango umefunguliwa. Mkopo wa siku 30, ada asilimia 7.5, hakuna foleni wala suti. Ukipiga hesabu, ada hiyo ikirudiwa kila mwezi ni asilimia 90 kwa mwaka, lakini nani alipiga hesabu? Mwaka wa 2016 serikali ikaziwekea benki kikomo cha riba, pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Benki zikawakwepa wakopaji wadogo. Apu hazikuwa benki, kwa hivyo kikomo hicho hakikuzigusa. Zilitupokea kwa mikono miwili, zikatuambia hakuna dhamana inayohitajika.

Dhamana ilikuwepo. Nilipopakua apu ya kwanza iliniomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yangu. Nikabonyeza "Ruhusu" bila kusoma. Pale ndipo nilipomweka Mama rehani, pamoja na mjomba, landlord, na mwalimu wangu wa sekondari. Yule mzazi wa wakati wa njaa angalau alijua anachotoa. Mimi sikujua, na Mama hakuulizwa.

Usiku ule nilifanya kitu nilichokuwa nimekikwepa miezi minane. Nilichukua daftari nikaandika kila deni: nilichopokea, nilichotozwa, tarehe. Nilikuwa nimepokea Sh19,400. Nilidaiwa Sh31,600. Kisha nikawapigia simu watu wangu mmoja mmoja, kabla hawajapigiwa na wale vijana. Landlord alicheka, akasema hata yeye anadaiwa. Mjomba alikata simu. Siwezi kuwaambia kwamba ni rahisi, lakini baada ya hapo vitisho vilipungua makali. Huwezi kutishia kufichua jambo ambalo watu wanalijua tayari.

Niliacha kukopa huku ili nilipe kule. Nilitenga Sh3,000 katika mwezi mzuri, Sh1,000 katika mwezi mbaya. Walimu wa pesa husema anza na deni lenye riba kubwa. Mimi nilianza na zile apu zilizokuwa zimewapigia watu wangu, manake nilikuwa nakomboa watu, si kupunguza riba. Sikukubaliana chochote kwenye simu, kila kitu kwa maandishi. Sikutuma pesa kwa namba ya wakala, ila kwa paybill iliyo kwenye apu yenyewe. Apu mbili zilikubali kusimamisha faini za kila siku na kupokea kidogo kidogo. Moja ilikataa, ikaendelea kupiga mpaka shilingi ya mwisho.

Sheria ilikuja nikiwa katikati ya safari. Desemba 2021 Benki Kuu ilipewa mamlaka juu ya apu hizi, na kanuni za Machi 2022 zikapiga marufuku vitisho, matusi na kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Novemba 2022 Benki Kuu ikatangaza mpango kwa watu zaidi ya milioni nne waliokwama na mikopo midogo ya benki kwenye simu: benki zisamehe angalau nusu, nusu nyingine ilipwe kufikia mwisho wa Mei 2023. Deni langu la benki la Sh6,200 likawa Sh3,100. Nikalimaliza Aprili.

Jioni hiyo nilimpigia Mama.

"Nimemaliza yote, Mama."

"Alhamdulillahi. Na jina langu? Wamelitoa huko?"

Sikuwa na jibu. Nilifuta apu zote, lakini sijui orodha ile iko kwenye kompyuta ya nani. Mpaka leo Mama hapokei namba ngeni. Wateja wapya wakitaka nyanya wanapitia kwa jirani yake wa meza, na jirani anachukua chake.